Kwa nini presha huyumba baada ya kiharusi?

Mgonjwa wetu kalazwa kwa kiharusi. Asubuhi presha ya juu ilikuwa 190, jioni 140. Mashine ni mbovu?

Mara nyingi mashine ni nzima. Wagonjwa wengi wa kiharusi hufika hospitali presha ikiwa imepita 140, hata ambao hawakuwahi kuwa na ugonjwa wa presha, kisha hushuka yenyewe kwa siku chache. Maumivu, hofu na kibofu kilichojaa nazo huipandisha. Asiyeweza kusema kwamba amebanwa na mkojo anaweza kufika 200. Akiwekewa mpira wa mkojo, namba hushuka bila kidonge.

Ubongo unahusikaje na presha?

Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na ya kifuani kuna vihisi vinavyopima nguvu ya damu. Taarifa zake hupelekwa na neva hadi medula oblongata, sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo. Ukiinuka kitandani, damu huteremkia miguuni. Medula huamuru mishipa ijibane na moyo uongeze kasi, yote ndani ya sekunde chache. Insula, iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni wa ubongo, huongeza au kupunguza amri hizo.

Kiharusi kikipiga wapi ndipo presha huyumba zaidi?

Kwenye medula, kwanza. Kiharusi cha ubavuni mwake huleta kizunguzungu, kwikwi, shida ya kumeza na sauti kukwaruza. Presha inaweza kuwa juu mgonjwa akilala, kisha ikaporomoka akisimama.

Insula nayo hulishwa na mshipa wa kati wa ubongo, ambao huziba mara nyingi. Ikiumia, hasa ya kulia (suala la upande bado lina mjadala), adrenalini (homoni ya mshtuko) huweza kupanda na mapigo ya moyo yakavurugika. Ndiyo maana moyo hufuatiliwa kwa mashine.

Kiharusi cha ubongo wa nyuma, serebelamu, kina hatari yake: kikivimba hukandamiza shina la ubongo. Presha ikipanda huku mapigo yakipungua na mgonjwa akizidi kusinzia, mwite daktari papo hapo.

Mbona daktari haishushi haraka?

Katika kiharusi cha mshipa kuziba, pembeni ya sehemu iliyokufa kuna nyama ya ubongo inayoishi kwa damu kidogo ya njia za pembeni. Mishipa yake haiwezi tena kujirekebisha, kwa hiyo presha ikishuka, damu hupungua na sehemu hiyo nayo hufa. Kama hapewi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida madaktari husubiri hadi presha ipite 220/120, na hata hapo huipunguza kwa takriban asilimia 15 ndani ya saa 24. Anayepewa dawa hiyo lazima awe chini ya 185/110 kabla, na asivuke 180/105 kwa saa 24 baadaye. Ubongo ukivuja damu, mara nyingi hulengwa 140 au karibu yake. Dalili peke yake hazitoshi kutofautisha aina hizi. CT skani (picha ya ndani ya ubongo) inahitajika. Tafadhali, msimwekee nifedipini (dawa ya kushusha presha) chini ya ulimi: huiangusha presha ghafla, na hakuna wa kuizuia.

Nyumbani tupimeje?

Tumieni mkono usiopooza. Akojoe kwanza, akae dakika 5 mgongo ukiegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, bila kuongea. Pimeni mara 2, dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Wengi hulengwa chini ya 130/80 baada ya kutoka hospitali.

Kama huona giza akisimama, alale dakika 5 mpime, kisha asimame akishikiliwa mpime dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, mjulisheni daktari. Huenda akabadili dozi au saa ya dawa. Msiziache wenyewe. Andikeni na mkao: "amelala 158/90; amesimama dakika 3, 126/78." Bila mkao, daktari ataona 158 tu na huenda akaongeza dawa kwa mtu anayeanguka chooni.