Kaunta Imefungwa: Yasiyoonekana Kwenye Kipindi cha Airline

Kila anayekijua kipindi cha televisheni cha Airline analijua tukio hili: abiria anafika kaunta akihema, ndege bado iko uwanjani, ngazi bado imeegeshwa mlangoni, na mhudumu anamwambia safari imefungwa. Kinachofuata ni kelele, ngumi juu ya kaunta, vitisho vya mahakama, mara nyingine machozi. Watazamaji nao hugawanyika. Wapo wanaosema mhudumu ana roho mbaya, wapo wanaomcheka abiria. Kwa sisi tuliozoea upande wa ndani wa kaunta, ugomvi ule hauhusu tabia ya mtu yeyote. Unahusu dakika na kilo, na mhudumu aliye mbele ya kamera ndiye mwenye mamlaka madogo kuliko wote juu ya vitu hivyo viwili.

Kwa wasiokijua, televisheni ya ITV ya Uingereza ilianza kukionyesha mwaka 1998. Mwanzoni kiliwafuata wafanyakazi wa Britannia, shirika la ndege za watalii, kisha kuanzia 1999 kikahamia easyJet, hasa kwenye viwanja vya Luton na Liverpool. Wamarekani nao wakatengeneza chao kwa jina hilohilo, kikarushwa na kituo cha A&E mwaka 2004 na 2005. Huko shirika lilikuwa Southwest, na kamera zilikaa zaidi Los Angeles na Chicago Midway. easyJet na Southwest yote ni mashirika ya nauli nafuu, na hapo ndipo penye mzizi wa karibu kila ugomvi unaouona. Nauli inashuka kwa sababu ndege moja inapiga safari nyingi kwa siku na inakaa chini muda mfupi, dakika 25 hivi. Ndani ya hizo dakika abiria washuke, usafi ufanyike, mafuta yaingie, wengine wapande. Ukimsubiri mtu mmoja dakika 10 asubuhi, ndege ileile itakuwa imechelewa hadi safari yake ya usiku.

Enzi za kipindi kile, easyJet ilifunga kaunta nusu saa kabla ya kuondoka. Watu wengi hudhani nusu saa hiyo wafanyakazi wanakunywa chai. Kaunta ikifungwa, mfumo unatoa hesabu: watu wazima wangapi, watoto wangapi, wachanga wangapi, mabegi mangapi. Hesabu inakwenda kwa mtu anayepanga uzito wa ndege. Abiria hawapandishwi kwenye mizani, wanapewa uzito wa wastani. Kanuni za Ulaya za wakati ule zilimhesabu mtu mzima wa safari ya kawaida kuwa kilo 84 pamoja na mzigo wake wa mkononi, kilo 76 kwa ndege za kukodi za watalii, na mtoto kilo 35. Boeing 737 za easyJet zilikuwa na viti 149. Zikijaa watu wazima watupu, hizo ni tani 12 na nusu kabla hujapakia begi hata moja. Ongeza mabegi na mafuta, ndipo unapata uzito wa kuruka na kitovu cha uzito, yaani mahali uzito wote wa ndege unapoegemea, na rubani anajua atege vipi bawa dogo la mkiani. Karatasi hiyo isipofika kwake na akairidhia, ndege haiondoki.

Sasa niseme jambo ambalo kipindi hakilisemi. Abiria mmoja au wawili wanaweza kuongezwa kwenye karatasi hiyo dakika za mwisho, na kila mtu wa kazi analijua hilo. Kwa hiyo mhudumu anayesema "haiwezekani kabisa kwa sababu ya uzito" anatumia sababu iliyo rahisi kutamka. Kinachomfungia abiria njia ni begi lake, ambalo bado linatakiwa kupita kwenye mkanda, likaguliwe kwa mashine, lipangwe na kupakiwa kwenye tela ambalo huenda limeshaondoka. Ni foleni ya ukaguzi iliyo mbele yake. Na ni yule mwingine atakayefika dakika mbili baada yake, akiwa amemwona mwenzake akipitishwa. Mwenye begi la mkononi tu ana nafasi kubwa zaidi ya kuhurumiwa, na anayeamua ni msimamizi wa zamu, si yule unayemfokea.

Juu ya hayo kuna anga lenyewe. Ulaya, njia zikijaa, Eurocontrol, taasisi inayoratibu safari za anga la Ulaya, hupangia ndege muda maalumu wa kuruka: inaruhusiwa kuanzia dakika 5 kabla hadi dakika 10 baada ya muda huo. Ukiukosa, unaomba mwingine, na huenda ukapewa wa saa nzima mbele huku watu 148 wamefunga mikanda.

Ubaya zaidi ni abiria aliyekwisha kuandikishwa kaunta halafu haonekani getini. Yuko dukani, au amelala kwenye kiti geti namba nyingine. Kwa safari za kimataifa, begi la mtu ambaye hakupanda haliruhusiwi kusafiri bila yeye, utaratibu uliokazwa baada ya mabomu yaliyolipua ndege angani, ya Air India 1985 na ile ya Lockerbie, Uskoti, 1988. Kwenye 737 mabegi hupangwa kwa mkono, moja juu ya jingine. Wapakiaji wanatajiwa namba ya lebo, tarakimu 10: tatu kati ya hizo ni za shirika na sita za mwisho ndizo za begi lenyewe. Wanaanza kuyavuta na kusoma lebo moja moja wakiwa wamepiga magoti, maana humo ndani mtu hasimami wima. Begi likiwa lilipakiwa mwanzo, liko ukutani kabisa. Ndiyo maana jina lako linatangazwa kwa ukali kwenye kipaza sauti wakati wewe bado unachagua manukato.

Kwa Southwest ugomvi ulikuwa wa namna nyingine. Viti havikuwa na namba. Ulipewa kundi A, B au C ukapanda kwa zamu, na aliyechelewa alikuta viti vya katikati tu. (Utaratibu huo umedumu hadi Januari 2026.) Kulikuwa na sheria ya dakika 10: usipokuwa getini dakika 10 kabla ya muda wa kuondoka, kiti chako kinapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Na kwa kuwa shirika liliuza tiketi kuliko viti, likitegemea kwamba wapo wasiotokea, siku wote walipotokea palikuwa na kazi. Sheria ya Marekani inataka kwanza waombwe wanaojitolea kubaki. Wakikosekana, anayebakishwa kwa nguvu analipwa. Kiwango cha wakati ule kilikuwa nauli ya njia moja, mwisho dola 200, au mara mbili yake, mwisho dola 400, kutegemea atacheleweshwa kiasi gani. Ila aliyefika getini baada ya muda hana fidia wala hoja. Kwenye kipindi utaona watu wawili waliokosa ndege ileile, mmoja anaondoka na hundi na mwingine mikono mitupu, na msimulizi haelezi kwa nini. Tofauti yao ni dakika chache. Southwest iliacha kuuza tiketi za ziada mwaka 2017.

Walevi ni rahisi kuliko wanavyoonekana kwenye televisheni. Kanuni ya Marekani inakataza shirika kumpandisha mtu anayeonekana amelewa. Neno la kushika ni "anayeonekana": hakuna kipimo cha pumzi, hakuna haja ya kuthibitisha bia ngapi. Mhudumu akiwa na shaka anamwita msimamizi, wawili wakikubaliana abiria anabaki. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumpitisha kaunta ili awe tatizo la watu wa geti, nao wampitishe awe tatizo la wahudumu wa ndani. Angani hakuna pa kumpeleka, na kuishusha ndege kwenye uwanja usio wake ni gharama kubwa.

Lililonikera zaidi kwenye kile cha Marekani ni matukio ya abiria wanene. Sheria ya Southwest ilikuwa wazi: sehemu ya kuegemeza mkono ndiyo mpaka, inchi 17 kati ya moja na nyingine, na asiyeenea anunue kiti cha pili, arudishiwe pesa kama ndege haikujaa. Sheria kama hiyo inaelezwa pembeni, kwa sauti ya chini, mapema kaunta, si getini mbele ya foleni na kamera. Waandaaji walijua wanachofanya.

Kuhusu namna ya kuzungumza, wahudumu wazuri wa kipindi kile wanafaa kuangaliwa bila sauti. Tazama mikono: iko juu ya kaunta, imetulia. Hawabishani kwa nini abiria amechelewa, kwa sababu foleni ya magari haibadilishi saa. Wanataja muda ("imefungwa saa 12 na dakika 10, sasa ni saa 12 na dakika 18"), kisha papo hapo wanatoa njia mbili za kuchagua: safari inayofuata kwa kulipa tofauti, au ya kesho. Mtu aliyepewa cha kuchagua hupunguza sauti. Wabovu husema "subiri kidogo" wakatoweka nyuma ya mlango, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Au husema "ni sera ya kampuni", kauli ambayo haijawahi kumtuliza mtu.

Afrika Mashariki tuliionja sheria hii ya kufunga bila huruma Novemba 2012, Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, ikiungwa mkono na kampuni ya Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet. Aliyezoea kupanda basi likiwa linatembea ilibidi ajifunze upya.

Kwa ndugu mlioko Ulaya, jambo moja la mfukoni. Tangu Februari 2005 kanuni namba 261/2004 inamlinda kila anayeondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, shirika liwe la nchi yoyote. Ukibakishwa kwa sababu viti vimeuzwa kupita kiasi kwenye safari ndefu kama Amsterdam hadi Dar es Salaam, fidia ni euro 600, pamoja na chakula, na malazi ikibidi. Kutoka Dar kwenda Ulaya, kanuni hiyo inakuhusu tu ukiwa umepanda shirika la Umoja wa Ulaya. Uliza kaunta jina la msimamizi wa zamu, omba sababu kwa maandishi, na hifadhi pasi yako ya kupandia na lebo ya begi. Usikubali vocha kabla hujaulizia pesa taslimu au hundi, kwa kuwa vocha inahitaji saini yako.