Niposti saa ngapi? Kwanza weka pembeni hiyo chati

Juzi nimetumiwa tena ile chati, ile picha yenye jedwali la saa za kuposti. Mteja mpya, anauza vitenge Kariakoo, hata hatujamaliza kusalimiana kanirushia picha WhatsApp na voisi noti juu yake, "dada hizi ndo saa nzuri za kuposti, tufuate hizi hizi". Jumanne saa fulani, Alhamisi saa fulani, Jumapili usiposti kabisa. Kazi yangu ni kusimamia kurasa za wafanyabiashara na hii picha nimeipokea mara nyingi mno, sasa naandika mara moja, atakayenitumia tena namtumia hii.

Dhana: kuna saa moja nzuri inayomfaa kila mtu

Haipo. Na hii ndo inayoniuma kuliko zote maana mtu anaacha kumwangalia mteja wake anaangalia picha. Zile chati mara nyingi zinatolewa na kampuni za nje zinazouza programu za kupanga posti, yaani unaiwekea saa itoke yenyewe, wanachukua akaunti za wateja wao wa kila aina wanapiga wastani. Humo ndani kuna benki, kuna chuo, kuna timu ya mpira, kuna muuza viatu, sasa wewe wa vitenge uko wapi humo? Ndo maana ukishika chati tatu za kampuni tatu kila moja ina saa zake.

Halafu saa zenyewe ni za nani? Saa tatu asubuhi ya New York kwetu ni saa kumi na moja jioni, na wenzetu wakisogeza saa zao mbele, kuanzia Machi mpaka Novemba, inakuwa saa kumi. Sisi hatusogezi. Na kama wateja wako wengine wako Lubumbashi, wao wako nyuma yetu saa moja, wa Muscat wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo hata ndani ya watu wako mwenyewe saa si moja.

Nina dada mmoja wa keki, nilimwambia tupange posti ya saa mbili usiku, akaenda kwenye simu akaweka 2:00, akachagua AM. Simu inahesabu kizungu jamani. Keki nzuri ya harusi ikatoka saa nane usiku watu wamelala, asubuhi ananipigia anasema Instagram imemfungia. Saa mbili usiku kwenye simu ni 20:00. Weka simu yako kwenye mfumo wa saa 24 na hilo tatizo linaisha leo.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penyewe. Muda watu wanapokuwa mtandaoni na muda wanapoamua kununua ni vitu viwili tofauti. Nina mteja anapeleka chakula cha mchana maofisini Posta, alikuwa anaposti wali kuku wake saa sita na nusu kwa sababu chati ilisema mchana watu wanashika simu. Ni kweli wanashika, lakini saa sita na nusu mtu ameshaagiza kwingine au ana sahani mbele yake, anaishia kukoment "kesho nitakutafuta", na kesho hakutafuti. Tukahamisha posti ikawa saa tatu na nusu asubuhi, picha ya chakula cha siku hiyo hiyo, bei, na mstari mmoja, mwisho wa kuagiza saa tano. Chakula kilekile, kurasa ileile, oda zikaanza kuingia saa nne watu bado wanakunywa chai.

Kwa hiyo mi ninachomwambia kila mteja, kabla hujafungua insaitsi, zile takwimu za ukurasa wako, chukua daftari. Fungua WhatsApp ya biashara, pandisha juu wiki mbili, kila mteja mpya aliyekuandikia "bei gani" angalia aliandika saa ngapi, piga kijistari. Asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kule vijistari vinapojaa, posti lisaa limoja au mawili kabla yake. Baada ya hapo ndo ufungue insaitsi, Instagram yenyewe kwenye akaunti ya biashara inakuonyesha followaz wako wanakuwepo siku gani na saa gani, ulinganishe na daftari. Vikigombana, mi nasikiliza daftari, kwa sababu kwenye daftari kuna watu waliouliza bei.

Dhana: posti isipopata laiki dakika kumi za kwanza imekufa, futa uposti upya

Tafadhali msifute. Instagram iliacha kupanga posti kwa kufuata muda tu tangu 2016, posti ya asubuhi mtu anaweza kuikuta usiku, na TikTok ndo kabisa, video inaweza kulala siku kadhaa halafu ikaamka. Ukifuta unafuta na koment na watu waliokuwa wameiseva. Kinachokufa kwa saa ni stori na status ya WhatsApp, hizo zina masaa 24 tu, hapo kweli angalia muda.

Dhana: posti ya kupanga haifiki kwa watu

Inafika. Meta Business Suite ni chombo cha kupangia posti cha Meta wenyewe, wenye Facebook na Instagram, na ni bure. Kinachoua ni kupanga posti halafu wewe haupo, watu wanauliza saizi mpaka wanachoka. Posti ule muda ambao una nafasi ya kujibu, hata kama si muda bora.

Dhana: usiku na wikendi hakuna watu

Nani kakwambia? Kuna watu wananunua bando la usiku makusudi ndo waangalie video. Wikendi nayo inategemea unauza nini, tena siku ya Simba na Yanga ukiposti kiwanja chako cha kuuza saa mpira unaanza, hakuna atakayekuona.

Dhana: ukishaipata saa yako ndo imeisha

Inahama. Mwisho wa mwezi mshahara umeingia watu wananunua saa ambazo tarehe 20 walikuwa wanaangalia tu. Ramadhani ndo kila kitu kinageuka, karibu na magharibi watu wako jikoni na kwenye futari. Mteja wangu wa madira na kanzu Ramadhani iliyopita tuliacha kabisa kuposti jioni, tukahamia baada ya tarawehe, maswali yakawa yanaingia mpaka watu wanaamka kula daku. Idi ilipopita tukafungua ukurasa mpya wa daftari tukaanza kupiga vijistari upya.