Mkanda wa jeshi: hadithi ya ncha kukutana

Kuanzia Mikindani hadi Newala utasikia onyo lilelile: mkanda wa jeshi, yaani ugonjwa wa malengelenge yenye maumivu yanayojipanga kama ukanda, ukizunguka kiuno na ncha zake zikakutana, mgonjwa hafiki asubuhi. Basi siku za kwanza zinaishia kwenye majani ya kupaka, ili "kuukata njia".

Kwa kawaida ncha hazikutani, na sababu ni mpangilio wa neva, yaani mishipa ya fahamu. Kirusi chake ndicho cha tetekuwanga, kimojawapo katika jamii ya hepesi. Tetekuwanga ikipona utotoni, kirusi hakitoki. Hujificha kwenye mafundo ya neva kandokando ya uti wa mgongo, pengine miaka 40 au 50. Kinga ikishuka kwa uzee, maradhi au VVU, huamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Neva hiyo huhudumia upande mmoja tu, ndiyo maana malengelenge huishia katikati ya mwili, kama mikorosho inavyoishia kwenye mpaka wa shamba. Ni nadra kutokea pande zote mbili, na hapo tatizo ni kinga dhaifu, si ncha.

Cha kuogopa ni maumivu. Neva iliyojeruhiwa inaweza kuchoma miezi kadhaa baada ya vidonda kukauka, hasa kwa wazee. Hata shuka likigusa, mtu anaruka. Panadol hapo mara nyingi haifui dafu. Daktari anaweza kutoa amitriptilini, dawa inayotuliza maumivu ya neva, kwa dozi ndogo. Asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee, saa zilezile zinazoliwa na majani. Ukitokea karibu na jicho, nenda hospitali siku hiyohiyo.