Mzuka na kijana transijenda katika riwaya za njozi

Tulikuwa ndani ya matatu, tukitoka Malindi kwenda magofu ya Gede, na binti wa kaka yangu hakuinua macho kwenye simu. Tuliposhuka akaniuliza: "Shangazi, huyu aliyekufa akarudi, nimwite jini?"

La. Jini hakufa, ameumbwa jini. Mzimu ni roho ya marehemu, na ndilo jina pia la mahali panapowekwa sadaka, pangoni au chini ya mbuyu. Mzuka umetokana na kuzuka: hukutokea ghafla, hukumtarajia. Huyo wa kwenye kitabu ni mzuka.

Alikuwa akisoma Cemetery Boys ya Aiden Thomas, iliyotoka Marekani mwaka 2020. Yadriel ni kijana wa Los Angeles, wa ukoo wa Kilatino wenye uganga wa kurithi. Wanawake huponya, wanaume huzisindikiza roho za wafu, na kila mmoja hufanyiwa tambiko akifika miaka 15. Yeye alipozaliwa aliitwa msichana, naye anajijua ni mvulana, kwa hiyo ukoo ukamnyima tambiko la wanaume. Akalifanya kwa siri na binamu yake Maritza. Likajibu. Akaita roho, akazuka Julian, kijana wa rika lake ambaye hataki kabisa kuondoka.

Mtu kama Yadriel ndiye anayeitwa transijenda: jinsia anayoijua nafsini mwake si ile aliyoitiwa alipozaliwa. Asichanganywe na huntha, ambaye jambo lake liko katika maumbile ya mwili, na ambao sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu 1,524.

Uwakilishi wa transijenda, basi, hautimii kwa kumtaja mtu tu. Mara nyingi watu hawa wameingizwa hadithini ili wachekwe, au wafe mapema wengine wapate kulia. Hapa maiti ni mwingine. Transijenda ndiye aliye hai, ndiye mwenye kazi ya kufanya, na mzuka ndio ushahidi wake: asingekuwa mwanamume wa ukoo ule, roho isingemwitikia. Naupenda sana mpango huo, kwa sababu hauhitaji hotuba.

Kinachonisumbua ni tafsiri. Kwa Kiingereza, jamaa wakikosea kiwakilishi, "she" ya mwanamke badala ya "he" ya mwanamume, Yadriel huumia papo hapo. Kwetu "yeye" ni wa wote, na "mwanangu" na "mjukuu wangu" hali kadhalika. Jeraha lingefutika lote, isipokuwa mtafsiri alihamishie kwenye binti, dada, kaka.

Tulikuwa tumesimama mbele ya kaburi lililoandikwa mwaka wake, 802 wa Hijria, ndio 1399. Nikamwambia huenda ni bahati, maana bibi yake Yadriel angemwita mjukuu bila kumuumiza.

Akafikiri kidogo. "Haitoshi, shangazi. Yeye anataka aitwe kaka."