Namba ya NIDA si ya kujumlisha

Nimeulizwa tena wiki hii: "Kaka, si JSON inabeba objekti nzima kama ilivyo kwenye simu?" JSON ni muundo wa maandishi ambao programu ya simu na seva hutumiana data. Objekti nzima haibebi. Kinachotoka kwenye simu ni maandishi matupu. Aina za data ulizozipanga kwenye Kotlin, lugha ya kuandikia programu ya simu, zinabaki hukohuko, na seva inayasoma maandishi hayo kwa kanuni zake.

Chukua programu ya kuandikisha wakulima wa zabibu Hombolo, Dodoma. Kijana aliyeiandika ameiweka NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, kama namba kwa sababu, anasema, ni tarakimu tupu. Tarakimu zenyewe ni 20. Long, aina ya Kotlin ya namba nzima kubwa, inaishia 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19, kwa hiyo kahamia BigInteger, aina isiyo na kikomo hicho, na kwenye simu kila kitu kiko safi. Shida iko ng'ambo. Seva yake ni ya JavaScript, na JSON.parse, amri yake ya kusoma JSON, huitia kila namba kwenye nafasi ya desimali ya biti 64, ambayo haiaminiki tena kwa namba nzima zinazozidi 9,007,199,254,740,991. Kwa ukubwa wa NIDA, inaruka hatua za 4,096, na namba ya katikati inasogezwa kwenye hatua iliyo karibu. Tuma namba hii ya mfano, 19900101000000000017, kisha tazama seva imepokea nini: 19900101000000000000. Badilisha mwisho uwe 942, utapata ileile. Kama NIDA ndiyo ufunguo wa jedwali, na seva ikikuta ufunguo uliopo inasasisha rekodi yake, mkulima wa pili anaandikwa juu ya wa kwanza, na kwenye logi hakuna kosa hata moja. Hilo ndilo linaloniudhi. Mzee wa watu anakosa malipo yake na mfumo unasema uko sawa!

Jiulize: kuna siku utajumlisha NIDA mbili? Kama hakuna, itume ndani ya alama za nukuu. Namba ya simu vilevile, la sivyo sifuri ya mbele inapotea. Muda utume na +03:00 yake, yaani saa zetu zimetangulia UTC kwa saa tatu, zabibu zilizopimwa saa 12 jioni zisije zikasomeka saa 3 usiku.

Penye shaka ni fildi tupu. Mkulima hana barua pepe: utume null, alama ya "hakuna thamani", au fildi isiwepo kabisa? Vitabu hufundisha kama jambo limekwisha. Kwenye kuhariri taarifa, mimi null naisoma "futa", na isipokuwepo naisoma "usiguse". Lakini Gson, maktaba ya kugeuza objekti kuwa JSON, huziondoa null kimyakimya usipoiwekea mpangilio wa serializeNulls, kwa hiyo aliyeomba kufuta anafika kwenye seva akiwa hajaomba chochote. Mimi naiweka, na nakubaliana na mwenye seva kwa maandishi, ila sidai kwamba ndiyo njia bora.