Liva ya mkono sio jibu la kila dereva mwenye ulemavu

Watu wengi wanadhani mtu mwenye ulemavu wa miguu akitaka kuendesha gari basi ni kununua tu ile liva ya mkono, yaani fimbo ya kupiga breki na kuongeza mafuta kwa mkono badala ya miguu, fundi anafunga, safari inaanza. Sio hivyo jamani, na hii dhana inaweza kuumiza watu kweli.

Ulemavu haufanani. Aliyekatwa mguu wa kulia lakini wa kushoto uko fiti, huyo hata liva huenda asihitaji, anaweza kuwekewa pedali ya mafuta kushoto kwa breki kwenye gari otomatiki, na ile ya kulia inazibwa au kukunjwa asiikanyage bahati mbaya. Aliyepooza miguu yote ndo liva inamfaa, kwa nyingi anasukuma kupiga breki na anavuta au anazungusha kuongeza mafuta, ila sasa mkono mmoja uko bize muda wote, usukani unabaki kwa mkono mmoja, kwa hiyo anahitaji kinobu cha kuzungushia usukani na indiketa azifikie bila kuachia. Bega lina nguvu hiyo? Kiwiliwili kinabaki wima kwenye kona? Miguu ikikakamaa ghafla si itagonga pedali?

Hayo ndo yanapimwa kwanza, pamoja na macho na wepesi wa kuitikia, gari likiwa limesimama halafu barabarani. Na akishafungiwa ajifunze upya, hata kama alikuwa dereva miaka mingi, maana kwenye hatari mwili unakimbilia mazoea ya zamani.