Uhuru wa kutofungwa na kitu, na dhana nyingine zinazowapotezea watu miaka

"Nikishaachana na bosi, wajomba na kodi ya nyumba, ndipo nitatulia nijue ninaishi kwa ajili ya nini." Kwetu washauri wa Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo, maneno haya huja kila wiki, yamevaa nguo tofauti. Kijana wa Katuba mwenye diploma huyasema akingojea kazi. Mama wa Bel-Air huyasema akingojea watoto wakue. Mzee wa migodini aliyasema zamani. Leo hakuna anayemwamrisha, na bado anakaa barazani hajui aamkie nini. Wote wanaamini kwamba uhuru ni kutofungwa na kitu, na kwamba maana ya maisha itakuja yenyewe nafasi ikipatikana. Imani hii ni ya uongo, na inakula umri wa watu wazuri.

Ushahidi upo tangu zamani. Kijiji cha Marienthal, Austria, kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kilipofungwa, watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichunguza jinsi watu wanavyoipitisha siku, na matokeo yakatoka 1933. Wanaume walikuwa na wakati tele. Maktaba ya wafanyakazi ilifuta ada ya kuazima, hata hivyo vitabu vilivyoazimwa kati ya 1929 na 1931 vilipungua karibu nusu. Walitembea polepole, wakisimamasimama njiani, na wengi hawakuvaa tena saa. Wanawake walibaki na kupika, kufua na kulea, na siku zao hazikupoteza umbo kiasi hicho. Umaskini uliwaelemea wote, hilo halina ubishi. Lakini baadaye Jahoda alitaja mambo matano ambayo kazi humpa mtu mbali na mshahara: mpangilio wa wakati, watu wa nje ya familia, lengo la pamoja, hadhi, na shughuli ya kila siku.

Mji huu unapaswa kuyaelewa hayo kuliko miji mingi. Mpango wa kuondoka kazini kwa hiari wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mwaka 2003, uliwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000. Anayemshauri baba aliyetoka kazini asianze na pesa peke yake. Achukue yale matano, aulize moja baada ya jingine: hili sasa unalipata wapi?

Kwa hiyo acheni kungoja kufunguliwa. Chagua mwenyewe kitu cha kukufunga, na ukichague kwa masharti haya: kifanyike siku ileile na saa ileile kila wiki, saa mbili zinatosha, ufike kwa miguu, awepo mtu anayekungoja kwa jina, na kazi ikiisha, mtu mwingine apate kitu cha kutumia. Kuwafundisha hesabu watoto wanne wa jirani kila Jumamosi asubuhi kunafaa. Kuandika daftari la likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ya akina mama wa mtaa kunafaa. "Kuwasaidia vijana wa Katanga" hakufai, maana hakuna ajuaye kazi hiyo inaanzia mlango upi. Shikilia wiki sita kabla ya kuhukumu. Mwanzoni huenda usione ladha yoyote, kwa sababu mara nyingi hamu huja nyuma ya kitendo. Anayengoja ahisi hamu ndipo aanze, haanzi.

Mambo hayo huharibika kwa njia zinazojulikana. Mtu anaanza shughuli tatu kwa mpigo. Au anachagua mahali pa kupanda mabasi mawili, nauli ikikosekana na kazi inakufa. Au anatangaza WhatsApp kabla hajafanya lolote, pongezi zinamshibisha, anaishia hapo. Kipimo ninachokitegemea kuliko vyote ni hiki: usipofika, nani atauliza ulikuwa wapi? Kama hakuna, badilisha shughuli.

Wengine husema uhuru wa kweli ni wa moyoni, hali ya nje si kitu, na humtaja Simon Kimbangu, mhubiri Mkongo aliyehukumiwa na wakoloni wa Kibelgiji 1921 na kufia kifungoni hapa mjini, wakati ukiitwa Élisabethville, mwaka 1951. Alishika imani yake miaka 30, ndiyo. Lakini wafuasi wake hawakuridhika na uhuru wa moyoni: walidai haki ya kuabudu hadharani, na kanisa lao likatambuliwa 1959. Hata Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyepitia kambi za Wanazi na kufundisha kwamba mtu anaweza kuchagua msimamo wake ndani ya mateso, alisisitiza kwamba mateso yanayoweza kuondolewa yaondolewe kwanza. Mwanamke anayepigwa na mumewe asiambiwe atafute maana ya kipigo. Atafutiwe pa kulala salama.

Eti kila mtu ana kusudi moja kubwa, akilikosa amepotea? Hapana. Haki, malezi, ufundi: hizo ni njia za kufuata, na zinafuatwa katika kazi nyingi. Andika tatu unazozithamini, na mbele ya kila moja kitendo kimoja cha wiki hii.

Kuhusu ndugu: kuchagua njia yako si kuwasaliti. Mara nyingi ugomvi ni wa pesa, kwa hiyo usihubiri uhuru, taja kiasi. "Baba mkubwa, kila mwezi nitatoa hiki kwa minervali, ada ya shule, ya watoto. Ugonjwa na msiba tutazungumza siku hiyohiyo. Mengine yangoje mwezi ujao." Sema ana kwa ana, ukianza na shangazi anayesikilizwa. Kinachovunja undugu ni kuahidi, kisha kuzima simu.

Mwisho, kukosa maana si lazima kuwe udhaifu wa imani. Wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu haoni ladha ya chochote, usingizi umeharibika, bukari (ugali) haishuki, akili haitulii: huenda ni depresheni, na hiyo ni kazi ya daktari. Maombi yaendelee sambamba. Akizungumzia kufa, apelekwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na sumu ya panya na dawa za shamba zitolewe ndani ya nyumba kabla ya usiku.